Dohani Aliyoijenga Thabit

Sur, 8 Disemba 1983

Kwa shemeji yangu Bi Mahfoudha,

Assalaam alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, ingawa najua uzima wenyewe siku hizi ni wa kujikongoja. Nimechelewa kukupa mkono wa tanzia na sina namna ya kulipamba hilo. Thabit alikuwa kaka yangu, baba mmoja na mama mmoja, na siku aliyozikwa mimi nilikuwa hapa Sur nimelazwa na maumivu ya mguu. Mungu amrehemu na wewe akupe subira.

Naandika kwa sababu nimeandikiwa na mwanao Thuwaini kutoka Uingereza. Anasema masomo hayatamruhusu kurudi kabla ya mwezi wa sita. Anasema umebaki peke yako katika nyumba ile ya mtaa wa juu, uko edani, umeme haujawafikia, na baridi ya Al Hamra imeshaanza kushuka kutoka mlimani. Anasema pia kuwa mlikuwa mkiota moto wa meko ya ukutani, ambayo baba yake ndiye aliyejenga, na kwamba dohani ya kutolea moshi hakuna aliyekuwa akiigusa ila yeye Thabit. Mtoto ana hofu usije ukadhurika na moshi. Ameniomba nikuangalie mpaka eda yako iishe na baridi iishe, nami nimemkubalia.

Kazi hii naijua. Miaka kumi na tisa kule Molo, kabla hatujarudi huku kwa babu zetu, nimejenga na kusafisha dohani za nyumba za mashamba ya Wazungu, na marehemu mke wangu alikuwa akinipokea mlangoni na ndoo ya maji kabla ya salamu. Kwa hiyo nijibu haya. Ilisafishwa lini mara ya mwisho? Kuni zenu ni za mti gani? Ukiwasha, moshi unapanda au unakurudia?

Nieleze kama unavyomweleza daktari, usinifiche kitu.

Shemeji yako,
Harub bin Mahrous


Al Hamra, 17 Disemba 1983

Shemegi Harub,

Waalaikum salaam. Barua yako kaileta dereva wa teksi wa Nizwa, akampa Azza jirani yangu, na Azza akaniletea chumbani. Habari zote za dunia hunifikia kwa mkono wa Azza siku hizi. Niliitazama bahasha kwa muda kabla ya kuifungua, kwa sababu mwandiko wako na wa Thabit hauna tofauti.

Ni barua ya kwanza kutoka kwako tangu mwaka 1975. Pole kwa mguu.

Ahsante kwa kumjibu mwanangu. Yuko mbali, ndiyo maana anaogopa kila kitu. Mie sijambo. Nakaa kizuka kama alivyokaa mama yangu Unguja alipofiwa na baba: sitoki, sijipaki cha kunukia, sionani na mwanamume asiyekuwa maharimu yangu. Na maharimu niliyebaki naye ni huyo huyo Thuwaini, kwa hivyo kizingiti changu hakivukwi na mwanamume yeyote.

Ama maswali yako. Thabit akiisafisha kila mwaka mwezi wa kumi. Mwaka huu mwezi wa kumi alikuwa kitandani, na mwezi wa kumi na moja tukamzika. Kuni ni za samri, ule mgunga wa huku, na zimebaki nyingi, alizipanga mwenyewe ukutani. Moshi unarudi. Kwa hivyo kuni nimeziacha. Nawasha seredani ya makaa, naiweka katikati ya chumba, nafunga mlango na dirisha, na joto linakuwa zuri. Usijisumbue zaidi.

Mahfoudha


Sur, 24 Disemba 1983

Bi Mahfoudha,

Toa hiyo seredani chumbani kabla hujamaliza kusoma mstari huu.

Sasa kaa nikueleze. Mwaka 1951 pale Molo walikuwapo ndugu wawili wachunga kondoo. Usiku wa baridi waliingiza karai la makaa kibandani mwao na wakaziba mpaka tundu la panya. Asubuhi niliitwa mimi kuvunja mlango. Niliwakuta wamelala vizuri, hawajatupa hata blanketi, na midomo yao ina rangi nzuri kuliko ya siku zote. Wote wawili walikuwa wamekufa. Makaa hayatoi moshi wa kuonekana, na hapo ndipo penye hatari. Mtu huanza kuumwa kichwa, kisha humjia usingizi mtamu, na haamki.

Kama huna budi na seredani, iweke ndani ya meko, chini ya dohani, ili ubaya wake upande juu. Dirisha liache wazi upana wa vidole viwili. Najua upepo utaingia, uache uingie.

Lakini dawa hasa ni kuisafisha. Utatafuta kamba ndefu, na katikati yake utafunga tita la matawi ya miba lenye unene wa dohani. Mwisho mmoja unafungwa jiwe. Mtu mmoja anakaa juu ya paa, mwingine chini kwenye meko, na mdomo wa meko unafunikwa gunia lililoloweshwa ili masizi yasijae chumbani. Wa juu anavuta, wa chini anavuta, mara ishirini au thelathini. Masizi yakiachwa miaka hugandamana kama lami, kisha siku moja yanashika moto humo humo, dohani inanguruma, na nyinyi paa lenu ni la magogo ya mitende. Majivu usiyamwage ovyo. Yatie katika debe lenye kifuniko na uliweke uwanjani, maana kaa dogo linaweza kukaa hai humo siku tatu.

Huyo Azza bila shaka ana mume. Mwambie apande juu.

Ikishasafishwa, ijaribu. Choma kipande cha udi, kiweke kwenye mdomo wa meko, utazame moshi wake unaelekea wapi.

Na nieleze imejengwa vipi, kwa sababu mimi sijawahi kuiona.

Harub


Al Hamra, 2 Januari 1984

Shemegi Harub,

Unaniambia mie kizuka nichome udi. Nimecheka, na sikuwa nimecheka tangu Thabit alipolazwa. Nimemfasiria Azza kwa Kiarabu naye akacheka, kisha akasema astaghfirullah.

Seredani nimeihamishia ndani ya meko kama ulivyosema na dirisha nimeliacha wazi kidogo. Asubuhi kichwa kinaniuma, lakini kizuka gani asiyeumwa kichwa.

Dohani imejengwa hivi. Aliianza mwaka 1975, mwezi ule ule ulipokuja wewe kwetu na ukaondoka. Hakuwa fundi, unamjua, alikuwa muuza duka. Alijenga kwa mawe na udongo, akikumbuka ile ya nyumba tuliyopanga Molo, na kila alipofika mahali hakumbuki alikuwa akiniuliza mie, nami nilikuwa nikikumbuka mapazia tu. Ya kwanza ilitufukiza mpaka mbuzi wa jirani wakakohoa. Akaibomoa. Ya pili ikawa inaleta mvua yote chumbani. Akaibomoa. Ya tatu akaipinda juu ya meko kama mkono unavyopinda kwenye kiwiko, ndipo akainyoosha mpaka juu ya paa, kimo cha mtu mzima aliyesimama. Hiyo ndiyo iliyopo. Siku ya kwanza ilipovuta moshi bila kosa alikaa mbele yake na kikombe cha kahawa, akaitazama mpaka kahawa ikapoa, akasema, "Harub angeimaliza kwa siku nne."

Sleyum, mume wa Azza, hatapanda juu ya paa langu. Niko eda, sitaki nyayo za mwanamume juu ya kichwa changu. Tuache mpaka mwezi wa tatu. Eda itakuwa imekwisha, na baridi pia.

Mahfoudha


Sur, 8 Januari 1984

Bi Mahfoudha,

Naomba radhi kwa habari ya udi. Nina miaka sita peke yangu na mambo ya nyumba yamenitoka. Huku jioni nakaa na redio, na chai ikipoa sina wa kumwambia kuwa imepoa.

Maneno ya siku nne nimeyasoma mara nyingi. Niwie radhi, leo siwezi kuyazungumza.

Hicho kichwa, kinauma ukiwa chumbani na kinapoa ukitoka uwanjani? Kama ndivyo, si eda inayokuumiza. Na kuhusu paa, nimemuuliza mwalimu wa msikiti wetu bila kukutaja. Amesema mwenye eda akiwa chini amejisitiri, na fundi akiwa juu ya paa kwa kazi ya haja, hakuna dhambi. Wewe umesoma zaidi yangu, nadhani hili ulilijua.

Liko jambo linalonikosesha raha. Dohani pana, yenye kimo hicho, iliyosafishwa kila mwaka, haiwezi kuziba kabisa kwa kukosa mwaka mmoja. Ingevuta kwa tabu, lakini ingevuta. Humo ndani kuna kitu. Fanya hivi: adhuhuri, moto ukiwa umezimwa, laza kioo chini ndani ya meko na utazame ndani ya kioo. Kisha niandikie unachokiona, hicho hicho bila kuongeza.

Harub


Al Hamra, 15 Januari 1984

Shemegi Harub,

Nimelaza kioo na nimeiona mbingu, tena buluu safi. Dohani haina kitu. Sasa tuyaache mambo ya dohani.

Lakini umenitaka nisikufiche, basi na wewe usinifiche. Kwa nini ulimcheka? Nilikuwa nyuma ya pazia na sinia la kahawa mkononi, nilisikia neno kwa neno. Alikuomba umjengee meko kama ya Molo kwa sababu mie nilikuwa nikitetemeka na yeye hawezi kunitazama nikitetemeka. Alikuomba kwa adabu, yeye mkubwa wako. Na wewe ukaangua kicheko mbele ya watu wa mji ambao ndio kwanza amerudi kuishi nao, ukasema, "Kaka, umekuja Al Hamra kujifanya Mzungu? Kesho utataka mbwa alale mlangoni." Baraza zima likacheka. Yeye naye akacheka, lakini mie namjua mume wangu. Tangu siku hiyo hakulitaja jina lako mbele za watu, ila mbele ya moto, tukiwa wawili.

Nakuandikia haya kwa kuwa sina mwengine wa kumwambia. Pale mbele ya meko ndipo tulipokuwa tukizungumza Kiswahili. Kutwa ni Kiarabu, kwa jirani, sokoni, hata Thuwaini alikuwa ameshaanza kutujibu Kiarabu. Magharibi ikishapita tulikaa wawili tukasema tutakavyo na tukamsengenya tumtakaye. Sasa zinapita siku nne, tano, sijafungua kinywa kwa lugha yangu ila kumuomba Mungu. Barua zako ndizo Kiswahili changu cha wiki nzima, nazisoma kwa sauti. Nina upweke mkubwa, shemegi, na sioni haya kuuandika.

Mahfoudha


Sur, 20 Januari 1984

Bi Mahfoudha,

Nilimcheka kwa sababu nilikuwa mpumbavu na nilitaka kuwachekesha watu. Nimetafuta sababu nyingine miaka minane na sikuipata. Nilidhani kesho yake ataniita kando anigombeze yaishe. Hakuniita. Nami nikakaa Sur nikisubiri kuitwa, kama kwamba mimi ndiye niliyekosewa.

Tena sikuwa na maumivu yoyote ya mguu. Habari ya kifo ilinifika asubuhi ile ile, nikapanda gari nikafika Nizwa. Nikakaa kwenye mkahawa karibu na ngome, nikaagiza chai. Kutoka pale mpaka kwenu si safari ya saa nzima. Nikawaza nitasimamaje kaburini na watu wale wale niliowachekesha, na nitamlilia kwa uso gani. Nikalipa chai sikuinywa, nikapanda gari la kurudi. Hili halijui mtu yeyote ila wewe.

Sasa ni zamu yako. Uliniandikia kwa mkono wako kuwa Thabit ameipinda dohani kama kiwiko. Dohani yenye kiwiko haionyeshi mbingu kwenye kioo hata ukikitazama mwaka mzima, utaona mawe meusi tu. Nilikuuliza makusudi, unisamehe. Humo mna kitu na wewe unakijua. Sijui kwa nini unanificha, na nakuogopea.

Usiwashe chochote, hata hiyo seredani. Jifunike mablanketi yote uliyonayo. Alhamisi hii inayokuja, tarehe 26, nitakuwa huko. Jumatano nitalala Ibra. Sitaingia kwako wala sitabisha hodi. Nitashukia kwa Sleyum na nitapanda kutokea paa lake, maana nasikia mapaa yenu yanagusana. Azza awe kwako chini kushika kamba.

Harub


Al Hamra, 24 Januari 1984

Shemegi Harub,

Usije. Nakuomba kwa haki ya Thabit, usije. Nitakueleza mwenyewe eda ikiisha.

Mahfoudha


Sur, 1 Februari 1984

Bi Mahfoudha,

Barua yako ya kunikataza nimeikuta chini ya mlango niliporudi. Ningeipata mapema ningekuja vile vile.

Nakueleza nilichofanya juu ya paa lako, kwa kuwa ni nyumba yako na una haki ya kujua. Kwanza niliteremsha kamba yenye jiwe, ikagota njiani, kwenye kiwiko. Sikuwa na shaka tena. Nikafunga kulabu kwenye mti mrefu, nikahangaika nayo mpaka karibu na adhuhuri. Sleyum alikuwa akinishikia kiuno nisitumbukie. Kulabu ikanasa kitu kizito na laini, nikakivuta pole pole mpaka kikatoka.

Lilikuwa koti la Thabit. Lile la sufu la kijivu alilonunua Molo, lenye kifungo kimoja kisichofanana na wenzake. Limekunjwa na kufungwa vizuri kwa kanga. Sleyum alikuwa amegeuka kumwita mkewe alete maji. Alipouliza ni nini, nikamwambia ni kiota cha njiwa, na nikalitia kwenye gunia langu kabla hajaliona. Yeye ni mtu muungwana, hakuuliza mara ya pili. Koti liko kwangu hapa. Pindo lake la chini limebabuka kwa joto la seredani yako. Siku chache zaidi lingeshika moto, masizi yangelifuata, na magogo ya paa yangeyafuata masizi.

Baada ya hapo tukasafisha. Kamba iliposhuka mpaka chini ilikazwa mara moja, nikadhani ni Azza. Kisha nikamwona Azza uwanjani kwao anachota maji, nikajua ni wewe uliyeshika. Unavuta vizuri, sikutegemea. Sleyum akachukua gunia jingine, la masizi tuliyoyavuta juu, kwenda kulimwaga bondeni, nami nikabaki juu kukagua mawe, halafu nikashuka nikaenda zangu. Dohani ni nzima. Mawe yamekaa mahali pake, mdomo wa juu nimeurudishia bamba lake lililoinuliwa kidogo ili mvua isiingie, na kiwiko amekipa upana uliotakiwa. Kwa mtu aliyeuza sukari na viberiti maisha yake yote, ni kazi ya kushangaza. Sasa unaweza kuwasha kuni. Vidole viwili vya dirisha usivisahau.

Nina swali moja tu, nami sitakuuliza jingine maishani. Njiwa hafungi koti kwa kanga. Uliweka wewe. Kisha ukawasha makaa chini yake, nami nimeshakuandikia habari ya wale ndugu wawili. Tangu nilipoondoka Al Hamra silali. Nijibu kweli, Bi Mahfoudha. Ulitaka kumfuata Thabit?

Harub


Al Hamra, 9 Februari 1984

Shemegi Harub,

Sikutaka kumfuata. Naapa kwa aliyemchukua. Lala usingizi wako, nami nitakueleza jambo ambalo nilitaka kulificha mpaka kaburini, na sasa naona si kubwa kama nilivyolikuza.

Nilikuwa nalia, shemegi. Wiki tatu za mwanzo, kila baada ya alasiri, nakaa mbele ya meko mahali petu na nalia. Si machozi tu. Nalia kwa sauti, na namwita jina. Vyumba vingine sijui kulia, pale tu ndipo kilio kinanijia. Siku moja Azza akaja, akakaa, akanishika mkono. Mwisho akasema kwa upole kabisa, "Mama Thuwaini, sauti yako inatokea juu ya paa. Tunaisikia uwanjani kwetu. Sleyum na wageni wake wanaisikia." Dohani ilikuwa inabeba sauti yangu na kuitoa nje pamoja na moshi, na mie nikidhani nalia peke yangu.

Nilitamani ardhi inimeze. Mie kizuka, sauti yangu iko kwenye masikio ya wanaume wa mtaa mzima. Na zaidi ya aibu, unajua tulivyofundishwa chuoni, kwenye Kurani, kwamba maiti huumia kwa kuliliwa kwa makelele. Nikawaza, nimemuuguza miezi mitatu asipate maumivu, halafu leo mie ndiye ninayemuumiza huko alipo. Kunyamaza nilijaribu, sikuweza. Kwa hivyo nikaziba. Nilichukua koti kwa kuwa ni zito, na kwa kuwa ni lake, nikaona kama yeye mwenyewe ananiziba mdomo asisikie mtu. Nikalifunga kwa kanga, nikalisukuma kwa ufito wa kuangulia tende.

Ulipoandika habari ya wale ndugu wawili niliogopa, nikataka kulitoa. Nikavuta, halikuja. Lilikuwa limekwama kwenye kiwiko na kila nikichokoa linazidi kupanda. Ningemwambia nani? Azza angeniona mwendawazimu. Wewe nilikuwa sijakusamehe. Nikaona bora nivumilie kichwa mpaka mwezi wa tatu. Kuhusu kioo nilikudanganya, na sikujua kuwa fundi ana mitego.

Sasa nina langu la kukuambia, na usikasirike. Katika barua yako umesema Sleyum alipokwenda bondeni ulibaki juu kukagua mawe. Mie nilikuwa chini, shemegi. Nilikuwa nimekaa pale pale kwenye meko, nyuma ya lile gunia lililoloweshwa, kamba bado iko mkononi. Sikuondoka kwa sababu nilikuwa nangoja uvute tena. Hukuvuta. Nilisikia ukiyapiga mawe kwa kiganja, moja moja. Nikasikia unasema, "Umejenga vizuri, kaka. Umejenga vizuri." Halafu nikasikia kilio. Dohani ile kama inavyopandisha sauti ndivyo inavyoiteremsha, nayo ilikuwa ndio kwanza imesafishwa. Umelia mpaka umemaliza, nami nimeyasikia yote uliyomwambia, na nadhani yamemfika.

Nami nikalia. Sikujaribu kujizuia wala sikuogopa nani atasikia. Wewe hukunisikia kwa sababu ulikuwa na chako.

Tangu siku hiyo nawasha samri, moshi unapanda kama alivyotaka, na vidole viwili vya dirisha viko wazi. Jana Azza kaja kuniletea mkate. Alikaa, akazunguka zunguka na maneno, mwisho akaniuliza, "Mama Thuwaini, Alhamisi ile nilisikia kilio nikiwa uwanjani kwetu. Walikuwa wakilia wangapi?"

Nikamwambia, wawili.

Mahfoudha